Nyumba za Bibi Titi

Katika mabaraza ya Utete na Ikwiriri, na katika vibanda vya chai vya Kibiti ambako abiria wa kwenda Lindi na Mtwara hunyoosha miguu kabla ya kufika Daraja la Mkapa, kuna kauli moja iliyorudiwa kwa miaka mingi hata ikavaa joho la ukweli: kwamba Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mbunge wa Rufiji na aliyewaongoza wanawake wa Tanganyika katika kudai uhuru, aliiuza heshima yake kwa kodi ya pango, kwamba mwaka 1967, alipowekewa mbele yake nchi upande mmoja na nyumba za kupangisha upande wa pili, alichagua nyumba, na kwamba yote yaliyomfika baadaye, kesi, kifungo, upweke na kusahauliwa, yalikuwa malipo ya uchaguzi ule. Wazee huisema kauli hiyo kwa masikitiko, walimu huisema kwa ufupi, na vijana ambao hawakupata kumwona huisema kwa wepesi wa mtu asiyelazimika kuthibitisha asemalo. Mimi naikataa. Mapenzi ya asili moja ninayo wala siyafichi, lakini hata mtu asiyekuwa na mapenzi hayo angepaswa kuikataa, kwa kuwa ni dhaifu kwa ithibati, ni dhulma juu ya mwanamke, na, lililo baya kupita yote, imetuzoeza sisi watu wa bonde na delta kuwapima wawakilishi wetu kwa kipimo kisichoonyesha uzito wa mtu.

Yafaa kwanza tukumbushane alikuwa nani, maana wengi wanalijua jina lake kwa barabara ya Dar es Salaam iliyopewa jina hilo kuliko kwa kazi aliyoifanya. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 katika ukoo wenye asili yake huku Rufiji. Kisomo chake hakikupita darasa la nne. Na kabla siasa haijamjua mji ulikuwa umekwisha kumjua kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuwa jamii ya wanaume, na mwaka uliofuata, alipopita Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi, viongozi walijikuta hawana wa kumwonyesha. Bibi Titi ndiye aliyelijaza pengo hilo. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaviendea vikundi vya ngoma ambavyo wanaume wa siasa walikuwa wakividharau kuwa ni michezo ya wanawake, na kwa muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi, kama alivyosimulia Susan Geiger, mwanahistoria wa Marekani aliyewahoji wanawake hao katika utu uzima wao na ambaye kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1997.

Hapa pana jambo ambalo wanaomshutumu hulipita kwa haraka, nami nataka kulitulia. Katika miaka ile watumishi wa serikali ya kikoloni walikatazwa kujiunga na TANU. Karani, mwalimu na mganga, watu wenye elimu kuliko yeye maradufu, wengi wao walilazimika kuipenda nchi yao kwa siri, kwa sababu mkate wao ulikuwa mkononi mwa yule waliyetaka kumwondoa. Lakini muuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Msusi wa mikeka hakuwa na mkuu wa idara wa kumwandikia barua ya onyo. Na mwanamke mwenye nyumba yake Kariakoo au Ilala, anayekaa chumba kimoja na kupangisha vyumba vilivyosalia, alikuwa na hiari ambayo karani wa Bomani hakuwa nayo: aliweza kutoka mchana, kanga kiunoni, akaenda mkutanoni na kurudi, na mwisho wa mwezi wapangaji wake wakamlipa vilevile. Uhuru wa Tanganyika, kwa sehemu kubwa kuliko tunavyokiri, ulipiganiwa na watu ambao riziki yao haikupitia mikononi mwa serikali, na miongoni mwa riziki za namna hiyo, kwa mwanamke wa mjini asiyekuwa na shule, kodi ya chumba ilikuwa ya kutegemewa kuliko zote.

Basi tuingie katika nyumba yenyewe. Asiyeijua nyumba ya Kiswahili hawezi kuihukumu. Ni nyumba ya ukumbi katikati, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, baraza mbele, na uani nyuma palipo na jiko na choo. Mwenye nyumba hulala humo humo pamoja na wapangaji wake, huamka kabla yao kufagia ua, husuluhisha ugomvi wao, huwauguza wakiugua, hungoja anayechelewa mshahara, na mvua za masika zinapotoboa paa ni yeye anayetafuta fundi na fedha ya kumlipa fundi. Kuiita kazi hii unyonyaji kwa neno lile lile linalotumika kwa mwenye mashamba ya mkonge ni kuyanyang'anya maneno maana yake.

Tena mwanamke Mwislamu wa pwani alikuwa na sababu zake za kuipenda nyumba kuliko mali nyingine yoyote. Sheria ya dini yake humpa milki kamili ya alichochuma, na mume hana haki nacho. Lakini sheria hiyo hiyo humwacha, akipewa talaka, na matunzo ya muda wa eda tu, na akifiwa na mume aliyeacha watoto hupata thumni ya mirathi, na kama wake ni wanne basi thumni hiyo huigawana wote wanne. Pensheni hana. Bima hana. Mshahara unaopanda kwa miaka ya utumishi hakupata kuuona. Mwanamke kama huyo anapojaaliwa fedha kidogo hanunui dhahabu peke yake, kwa maana dhahabu huliwa siku ya shida. Hujenga chumba, kisha cha pili, kisha cha tatu, na kila chumba ni kinga ya siku ambayo hapana mume, hapana mwana, wala hapana chama kitakachomkumbuka. Siku hiyo kwa Bibi Titi ilifika, tena ilifika yote kwa pamoja: alipokuwa kifungoni mumewe alimwacha, na chama alichokikusanyia watu hakikutaka hata jina lake litajwe. Anayesema kwamba alikosea kujiwekea akiba ya nyumba na aisome habari hii mpaka mwisho, kisha aseme tena.

Nalijua jawabu nitakalopewa, nami sitalikimbia, kwa kuwa ni jawabu la haki. Litasemwa kwamba Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, halikuwakataza akina mama wa Kariakoo kupangisha vyumba. Liliwakataza viongozi, yaani wajumbe wa Halmashauri Kuu, mawaziri, wabunge, madiwani, wakubwa wa mashirika na watumishi wa serikali wa daraja la kati na la juu. Na kwamba anayetaka uongozi na akubali masharti ya uongozi. Litasemwa pia kwamba masharti yale hayakuzuka kwa ghadhabu ya mtu mmoja. Miaka mitano na kitu tangu uhuru, wananchi walikwisha kuona tabaka jipya likichipuka, watu walioingia katika viti vya Waingereza wakaingia na katika tabia zao. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana wakikataa masharti ya utumishi wa taifa, na Mwalimu Nyerere, kwa hasira yenye insafu, aliwarudisha makwao mamia yao na kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu wa namna hiyo, aliyeanza kukata katika mfuko wake, alikuwa na haki ya kuwaambia wenzake wakate katika mifuko yao. Haya yote nayakubali bila kinyongo, na naongeza kwamba kama sharti lile lisingetokea Tanzania ingepata mapema zaidi viongozi ambao miji ni mali yao na wananchi ni wapangaji wao.

Lakini kukubali kusudi la sharti si kukubali kila kilichonaswa nalo. Mwalimu mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1958 juu ya mali ya taifa, alipokuwa akipinga ardhi isifanywe bidhaa ya kuuzwa milele, alifafanua kwa uwazi kwamba ardhi ni tunu ya Mungu isiyo ya mtu, lakini jasho ambalo mtu amelitia katika ardhi hiyo ni lake, na thamani aliyoiongeza kwa mikono yake ana haki nayo. Nyumba ni kitu gani isipokuwa jasho lililosimamishwa juu ya ardhi? Ikiwa mizani ile ya 1958 ilikuwa sawa, nayo ilikuwa sawa, basi palihitajika kupambanua baina ya nyumba na nyumba: iliyojengwa kabla ya cheo na iliyojengwa kwa cheo; ya vyumba sita ambayo mwenyewe analala ndani yake, na ya ghorofa iliyojengwa kwa mkopo uliopatikana kwa saini ya rafiki wizarani na kupangishwa kwa mgeni kwa kodi ambayo mwananchi hawezi kuitamka. Azimio halikupambanua. Liliwatupia wote juya moja lenye matundu ya namna moja, na wavuvi wetu wa Salale na Kiomboni wanajua juya la namna hiyo humbeba nani na papa hupita wapi.

Na papa walikuwa na njia yao. Sharti lilikataza kuwa na nyumba ya kupangisha, lakini halikukataza kukaa katika nyumba ya serikali kwa kodi ndogo, na ndiyo maana waliolipokea kwa makofi mengi zaidi walikuwa wale ambao halikuwagusa: wenye mshahara wa cheo, wenye pensheni, wenye nyumba nzuri zilizojengwa kwa fedha ya umma. Kwa karani mkuu sharti lilimnyima alichokuwa bado hajakipata; kwa Bibi Titi lilimnyima alichokuwa nacho na ambacho hakikuwa na badala. Tena wengi husahau mwaka. Kiti chake cha Rufiji alikuwa amekwisha kukipoteza katika uchaguzi wa 1965, uchaguzi ule wa kwanza wa chama kimoja ambao wagombea wawili walisimama kwa alama ya jembe na alama ya nyumba, na ambao ulimwangusha hata waziri wa fedha, Paul Bomani. Kwa hiyo Azimio lilimkuta hana tena mshahara wa ubunge, amebaki na uongozi wa chama na wa umoja wa wanawake, na zile nyumba. Kumtaka avitoe vile vyumba wakati huo ni kumtaka ajikabidhi mzima mzima kwa chama, ale chama kikimpa, alale na njaa chama kikinuna. Na mwanamke aliyeingia katika siasa kwa sababu hakuwa mtumwa wa mshahara wa mtu alikuwa na haki ya kukataa kumaliza siasa yake akiwa mtumwa wa mshahara wa chama.

Akakataa, tena akakataa hadharani. Hili ndilo lililofichwa na shutuma zote. Bibi Titi alipoona sharti haliafikiani na dhamiri yake wala na maisha yake alijiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU, akaacha cheo, akaacha usemi katika baraza kubwa kuliko yote nchini, akatoka kwa mlango wa mbele na kila mtu akiona. Historia ya sharti lile katika miaka iliyofuata inajulikana kwa kila aliyeishi nayo: nyumba ziliandikwa majina ya watoto, ya mashemeji, ya wajomba, ya binamu waliokaa bara wasiojua kwamba wana milki mjini, kodi ikaendelea kulipwa, na aliyelipwa akaendelea kusimama jukwaani na kuhimiza usawa. Kati ya watu wa namna hiyo na mwanamke aliyesema, hili siwezi, chukueni cheo chenu, ni nani aliyeliheshimu Azimio? Mimi nasema ni yeye, kwa sababu alilichukulia kuwa ahadi yenye maana, ambayo mtu huitimiza au huiacha. Wale wengine walilifanya pazia.

Walakini shutuma haikuishia kwenye nyumba. Mwezi Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri wa kazi, na maofisa kadhaa wa jeshi, wakashtakiwa kwa njama ya kuipindua serikali ambayo kichwa chake kilisemwa kuwa ni Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni London. Yeye alikana; mahakama ikamtia hatiani; akahukumiwa kifungo cha maisha; na mwaka 1972 Mwalimu akamsamehe. Sina nia ya kuifungua kesi hiyo upya, lakini nina nia ya kuukata uzi ambao watu wameufunga baina ya mambo mawili yasiyo na uhusiano, wakisema kwamba aliyeshindwa kuacha nyumba ilikuwa lazima aishie katika uhaini, kana kwamba kodi ya vyumba ni hatua ya kwanza ya mapinduzi. Hoja ya namna hiyo ingalikuwa sahihi, nusu ya wajane wa Dar es Salaam wangalikuwa mahaini.

Sasa nawageukia jamaa zangu wa Rufiji na Kibiti, kwa sababu ni wao hasa ninaotaka kuwasemesha. Sisi tumeishi kwa nyumba za watu wengine dahari nyingi. Boriti zilizokatwa katika mikoko ya delta hii, iliyo msitu mkubwa wa mikoko katika Afrika ya Mashariki, zilipakiwa katika majahazi na kuezeka mapaa ya Unguja na ya Bara Arabu, hata upana wa vyumba vya miji hiyo ukafuata urefu wa mti wetu. Warufiji waliwatilia wengine mapaa juu ya vichwa. Binti wa ukoo wa Rufiji alipojipatia paa lake mwenyewe katika mji mkuu tulipaswa kuona kwamba kuna kitu kimerudi nyumbani.

Tena tazameni ni nani waliotudhuru. Mwaka mmoja baada ya Bibi Titi kujiuzulu, mafuriko makubwa yalipoligharikisha bonde mwaka 1968, serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, ikawatoa watu katika bonde na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa juu ya miinuko. Yaliyotungwa ofisini kwa nia ya kuwaokoa watu na maji hayakuuliza watu walivyoishi na maji kabla ya hapo: kwamba mafuriko ndiyo mbolea ya bonde, kwamba maji yakipungua kilimo cha mlau hustawi katika unyevu ulioachwa na mto, kwamba madungu, zile nyumba za miti zilizoinuliwa juu ya nguzo, yalijengwa ili mkulima alale juu ya maji na juu ya nguruwe mwitu na kulilinda shamba lake usiku. Kjell Havnevik, aliyeandika kitabu kizima juu ya mipaka ya maendeleo yanayoshushwa kutoka juu, alichukua Rufiji kuwa kielelezo chake, na mwenye kukaa huku hahitaji kitabu kujua kwamba shamba likiwa bondeni na nyumba ikiwa mwinukoni, nguruwe na nyani ndio wanaovuna. Waliofanya hivyo walikuwa viongozi waliotimiza masharti yote ya uongozi. Huenda hawakuwa hata na chumba kimoja cha kupangisha. Lakini walizitoa familia katika nyumba zao bila idhini yao, na hadi leo hakuna baraza linalowaita wasaliti, wakati mwanamke aliyepangisha vyumba vyake kwa hiari ya pande mbili anaitwa msaliti kila jioni.

Na katika miaka ya 1990, serikali ilipokubali mradi mkubwa wa kampuni moja wa kufuga kamba katika delta, mradi ambao ungemeza maelfu ya hekta za ardhi ambayo wenyeji hulima mpunga na kuvua, ilikuwa lazima wanavijiji waende mahakamani kujitetea, na mradi haukusimama. Katika siku kama hizo jimbo huhitaji mbunge anayejua hati ni kitu gani, fidia hukadiriwa vipi, mkataba wa miaka 99 unamfunga nani, na dalali anaposema neno fulani anaficha neno gani. Maarifa hayo hayasomwi katika hotuba. Aghalabu huwa nayo mtu aliyewahi kununua kiwanja, kujenga, kupangisha, kudaiwa na kudai.

Tukiendelea na miaka, tutakuta hukumu ya Bibi Titi imekwisha kufutwa na waliomhukumu, ila hawakumfutia yeye. Mwezi Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti ya Arusha, ikawaruhusu viongozi kuwa na hisa, kuwa na mishahara zaidi ya mmoja na kupangisha nyumba. Mwaka huo huo, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja kuwa shujaa wa harakati. Alikuwa hai, alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Kilichokuwa kosa lake mwaka 1967 kilikuwa sasa haki ya kila mwanachama mwenye cheo, lakini neno la kumwondolea lile kosa, kwa ufasaha ule ule lililotangaziwa, halikutamkwa. Kisha tangu mwaka 2002 serikali iliziuza nyumba zake nyingi kwa watumishi wake, zile zile nyumba za umma ambazo Azimio liliwaacha wakae ndani yake, na zikawa mali yao. Watu walilalamika, ni kweli. Lakini wanunuzi hao hawakuitwa walioiuza nchi kwa nyumba, ingawa nyumba walizozipata zilikuwa za nchi, na za Bibi Titi zilikuwa zake.

Mtu wa kusitasita ataniuliza kama nataka tuwe kama jirani zetu. Kenya mwaka 1971, kwa mashauri ya Tume ya Ndegwa, iliwafungulia watumishi wa serikali mlango wa biashara, na miaka thelathini na kitu baadaye Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, misitu, viwanja vya shule na hifadhi za barabara, ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa wenye nguvu na marafiki wao, wabunge wakiwamo. Hapana, sitaki hayo. Lakini dhambi iliyofichuliwa na ripoti ile haikuwa kupangisha. Ilikuwa kuitumia kalamu ya umma kujiandikia ardhi ya umma. Mwenye kuchanganya mambo hayo mawili humwacha mwizi wa ardhi ajifiche nyuma ya mjane mwenye vyumba vitatu, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo kauli ninayoipinga imewapa watu wasiostahili faida.

Jambo hili si la makaburini. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na lami ikashuka kusini, na tangu Kibiti ilipotengwa na Rufiji ikawa wilaya yenyewe, ardhi ya kando ya barabara ya Kilwa, kuanzia Jaribu Mpakani na Bungu hadi Ikwiriri, imekuwa ikiuliziwa na watu ambao baba zao hawakupata kuisikia. Viwanja vinapimwa, mashamba ya mikorosho yanakatwa vipande, madalali wanajua majina ya vitongoji kuliko watendaji. Watu waliotajirika kwa ardhi na nyumba watakuja kutuomba kura. Wengine wamekwisha kuja. Tukiendelea na kipimo cha zamani tutamtukana kila mmoja wao mbele ya chai na kumchagua yule mwenye mali iliyofichwa vizuri zaidi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 imewataka viongozi watamke mali zao kwa Sekretarieti ya Maadili, na hilo ni jema kuliko sharti la 1967 kwa sababu linauliza badala ya kukataza. Lakini daftari la matamko hayo mwananchi hulifikia kwa masharti, na anayetakiwa kulindwa nalo ndiye asiyelisoma.

Basi ajapo mgombea mwenye nyumba na viwanja, wapiga kura wasipoteze pumzi kumwuliza kama ana wapangaji. Wamwulize kiwanja cha kwanza alikipata mwaka gani, na mwaka huo alikuwa na wadhifa gani. Aliponunua shamba Bungu alikuwa anajua habari gani ya barabara ambayo muuzaji hakuijua. Amewahi kupiga kura katika halmashauri au bungeni juu ya ardhi inayopakana na ya kwake, na kama alipiga, alitamka. Na yuko tayari, kama alivyokuwa tayari mwanamke yule mwaka 1967, kuacha cheo hadharani siku cheo na mali vitakapogombana. Na Sekretarieti ya Maadili iletewe ombi, kwa saini za watu wa wilaya zote mbili, kwamba nakala za matamko ya wabunge na madiwani wetu ziwekwe katika ofisi za wilaya za Utete na Kibiti kila mwaka, ili mkulima wa mpunga aliyetoka Mbwera kwa mashua, akateremka Nyamisati na kupanda gari hadi mjini kwa shughuli zake, azikute mezani na kuzisoma bila ya kuulizwa anazitakia nini.